JINSI MANYOYA YA KONDOO YANAVYOGEUKA KUWA NGUO
(Maneno ya hotuba juu ya viwanda vya sufu vya Yorkshire)



Watu wawili hununua mablanketi siku moja katika soko moja. La kwanza hudumu miaka mingi, likafunika watoto wanne, mmoja baada ya mwenziwe. La pili hutoboka kabla ya masika ya pili. Siku ya kununuliwa yote mawili yalikuwa mazito, na yote mawili yalikuwa na rangi ya kupendeza. Basi mwenye blanketi bovu humlaumu mwenye duka, na mwenye duka humlaumu mwenye kiwanda. Walakini mara nyingi kosa lilianza mbali sana, pengine siku ile kondoo alipokatwa manyoya yake.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza njia yote ambayo sufu hupita tangu mgongoni mwa kondoo hata kuwa kitambaa. Msikilizaji atakayeifuata njia hiyo ataona kwamba kila fundi hupokea kazi ya mwenziwe aliyemtangulia, na kwamba hakuna mtambo wo wote, hata uwe mkubwa namna gani, uwezao kuponya kabisa kosa la mkono wa kwanza. Kadhalika ataona kwamba maarifa haya hayakupatikana bure. Wako waliolipa kwa jasho, na wako waliolipa kwa uhai wao.

Nchi itakayotumika kuwa mfano ni upande wa magharibi wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, yenye miji ya Leeds, Bradford, Huddersfield, Halifax na Dewsbury. Huko kuna vilima vya kulisha kondoo. Kuna vijito vya maji laini ambayo sabuni hutoa povu ndani yake upesi. Na chini ya ardhi yake mlikuwa na makaa ya mawe ya kuendeshea mitambo. Karibu na Leeds, kando ya mto Aire, kipo kiwanda cha Armley ambacho Benjamin Gott alikijenga upya baada ya moto wa mwaka 1805. Wakati mmoja kilihesabiwa kuwa kiwanda cha sufu kikubwa kuliko vyote duniani. Kilifungwa mwaka 1969, na tangu mwaka 1982 ni nyumba ya makumbusho, ambamo watu huionyeshwa mitambo ya zamani.

SUFU NI NINI

Si kila kondoo ana sufu. Kondoo wa Kimasai, yule mwekundu mwenye mkia wa mafuta, amevaa nywele fupi zilizonyoka kama za mbuzi. Nyama yake ni nzuri na ngozi yake ina kazi nyingi, lakini nywele zake hazifai kusokotwa. Kondoo wa sufu ni wa namna nyingine, na aliye maarufu kuliko wote ni merino, aliyetoka Hispania na ambaye wazao wake wameenea Australia na Afrika ya Kusini. Mwanzoni mwa karne ya 20 kondoo madume wa merino waliletwa Kenya, wakachanganywa na majike wa Kimasai katika Bonde la Ufa, na wazao wao wakaanza kuota sufu.

Unywele wa sufu una tabia ambazo unywele wa kawaida hauna. Kwanza ni mwembamba mno. Nywele za merino mzuri zikilazwa bega kwa bega, zaidi ya 1,200 hutoshea katika upana wa inchi 1. Pili, haukunyoka, bali una mapindo madogo madogo tangu shina hata ncha. Mapindo hayo hukamata hewa, na hewa iliyokamatwa huzuia joto la mwili lisitoke. Hiyo ndiyo sababu blanketi la sufu hulinda na baridi kuliko blanketi la pamba lenye uzito sawa. Tatu, unywele huo hunywa unyevu mwingi, hata kufikia karibu theluthi ya uzito wake, na mvaaji asijione kuwa amelowa.

Tabia ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, yamepangwa kama vigae vya paa, na yote yameelekea nchani. Sufu ikipata maji, joto na msuguano kwa pamoja, kila unywele husogea upande wa shina lake, lakini magamba huuzuia usirudi. Nywele hushikana, nguo ikafinyaa, nayo haifunguki tena. Mama aliyepata kuichemsha sweta ya mumewe, akaitoa sufuriani ikimtosha mtoto, ameijua kazi ya magamba hayo. Katika kiwanda tabia hiyo ni adui mwanzoni na rafiki mwishoni, kama itakavyoelezwa.

KUKATA NA KUCHAMBUA

Kondoo hukatwa sufu mara moja kwa mwaka. Mkataji hodari humkalisha kondoo matakoni, humshika kwa magoti, kisha hulitoa vazi lote zima kama mtu avuavyo koti. Hupitisha mkasi mara moja tu, karibu na ngozi. Mkataji asiyejua huacha kisiki, halafu hurudia kukikata. Vile vipande vifupi vya mkato wa pili havisokoteki. Vitafika kiwandani pamoja na sufu nzuri, vitalipiwa gharama ya kusafirishwa na kuoshwa, kisha vitaanguka chini ya mtambo kama vumbi.

Kiwandani vazi hilo hutandazwa juu ya meza mbele ya mchambuzi. Kwa desturi meza hiyo huwekwa penye dirisha linaloelekea kaskazini, kwa kuwa huko Uingereza jua haliingii moja kwa moja kutoka upande huo, na mwanga wake haumdanganyi mtu macho. Mchambuzi hulitenga vazi kwa mikono. Sufu ya mabega na mbavu ni bora, ya mapajani ni nene, ya tumboni ni fupi, na ya karibu na mkia ni chafu. Kazi hii huchukua miaka kujifunza, maana vidole huhukumu mambo ambayo macho hayawezi kuyapima.

UGONJWA WA WACHAMBUZI

Hapo mezani ndipo watu wengi wa Bradford walipopata mauti yao. Tangu miaka ya 1830 na kuendelea mji huo ulianza kununua manyoya ya nchi za mbali, kama vile ya alpaka wa Peru na ya mbuzi wa Uturuki. Halafu ikaonekana kwamba mchambuzi mwenye afya njema aweza kufungua mzigo leo, kesho akabanwa na kifua, na baada ya siku chache akafa. Watu waliuita ugonjwa wa wachambuzi wa sufu, na hawakujua asili yake.

Daktari mmoja wa Bradford, John Henry Bell, alionyesha karibu na mwaka 1880 kwamba ugonjwa huo si mwingine ila kimeta, kile kile kinachoua ng'ombe na kondoo. Wafugaji wa Kenya wanakijua sana. Mnyama aliyekufa kwa kimeta huacha mbegu za ugonjwa katika damu yake, na mbegu hizo hukaa hai miaka mingi katika udongo, katika ngozi na katika manyoya. Mchambuzi alipoyatikisa manyoya yale, alivuta mauti pamoja na vumbi.

Mwaka 1905 ilianzishwa halmashauri ya kuuchunguza ugonjwa huo, na Dr. Friederich Wilhelm Eurich akapewa kazi ya upimaji. Kwa miaka mingi alishika kwa mikono yake sufu yenye sumu, akijua hatari yake. Aliona kwamba hatari kubwa imo katika manyoya yaliyoshikwa na damu, kisha akatafuta dawa itakayoua mbegu bila kuiharibu sufu. Sheria ilitungwa mwaka 1919, na mwaka 1921 kituo cha kuoshea sufu kwa dawa kilifunguliwa katika bandari ya Liverpool, ili manyoya ya nchi zenye hatari yasafishwe kabla ya kufika mikononi mwa wafanyi kazi. Basi mtu anapoambiwa asimchune mnyama aliyekufa ghafula, bali atoe habari kwa bwana mifugo, na ajue ya kwamba amri hiyo huilinda nyumba yake mwenyewe, na humlinda pia mtu asiyemjua aliye upande wa pili wa bahari.

KUOSHA

Sufu iliyochambuliwa bado haifai. Ndani yake mna mafuta ya kondoo, chumvi ya jasho, mchanga, mavi na miiba. Uchafu huo ni mwingi kuliko watu wadhaniavyo. Katika ratli 100 za sufu mbichi ya merino, pengine ratli 50 tu ndizo zitakazobaki baada ya kuoshwa. Mnunuzi anajua hayo, naye hutoa bei kwa kadiri ya sufu safi anayotumaini kuipata. Mchanga hauna bei.

Sufu huoshwa katika mabirika marefu manne au matano yaliyopangwa mstari mmoja, yenye maji ya moto, sabuni na magadi. Uma kubwa za chuma huisukuma polepole, tena kwa upole mwingi, kwa maana yale magamba yangali yakingoja. Maji yakizidi moto au uma zikienda kwa haraka, sufu itashikana madonge, na donge halisokoteki. Kila birika lina uchafu mdogo kuliko lililotangulia, na la mwisho huwa na maji matupu.

Mafuta yanayotoka hayatupwi. Hukusanywa yakafanywa marhamu ya ngozi na vitu vingine vyenye faida. Maji machafu ya viwanda vya Bradford yalikuwa na mafuta mengi hata pale Esholt, mahali yalipokuwa yakisafishwa, mafuta hayo yalikamuliwa na kuuzwa.

Ikiwa sufu ina miiba na majani makavu, hulowekwa katika asidi hafifu, kisha hukaushwa kwa joto kali. Majani hugeuka kuwa kama makaa, yakapondwa na kukung'utwa yakawa vumbi, na sufu ikabaki nzima. Baada ya hapo yaweza kutiwa rangi, au rangi ikangojewa hata baada ya kusokotwa au kufumwa. Rangi iliyotiwa mapema hushika zaidi, kwa kuwa imeingia katika kila unywele.

KUCHANA

Sasa sufu ni safi na kavu, lakini kwa kuwa imepoteza mafuta yake hukatika kwa urahisi. Kwa hiyo hunyunyizwa mafuta kidogo, ikachanganywa vizuri. Ikiwa kitambaa kitakuwa cha kijivu, sufu nyeusi na nyeupe hupimwa na kuchanganywa hapa. Fundi wa kuchanganya akikosea kipimo, hakuna atakayeweza kukirekebisha mbele.

Kisha sufu huingia katika mtambo wa kuchana. Mtambo huo una magurudumu mapana kama mapipa, makubwa na madogo, yaliyovikwa ngozi au kitambaa chenye meno ya waya membamba yasiyohesabika. Magurudumu huzunguka yakikaribiana sana bila kugusana. Gurudumu moja huchukua sufu, la pili huichana, la tatu huirudisha, mpaka kila unywele umeachana na wenziwe. Mwisho hutoka utando mpana mwepesi kama ukungu wa asubuhi, ambao pumzi ya mtu yaweza kuutoboa. Utando huo hugawanywa katika vipande vyembamba virefu, kisha hupitishwa kati ya mikanda ya ngozi inayosugua kushoto na kulia, kama mtu asuguavyo viganja. Hutoka kamba laini zisizo na nguvu. Zikivutwa kidogo, huachana.

Hapa yafaa kueleza kwamba ziko njia mbili za kutengeneza nguo za sufu. Katika njia ya kwanza, ambayo ndiyo inayosimuliwa hapa, hutumiwa sufu fupi iliyochanwa tu, na nywele zake hulala huku na huku. Hiyo hutoa kitambaa kinene chenye joto, cha mablanketi na makoti. Katika njia ya pili hutumiwa sufu ndefu, nayo huchanuliwa mpaka nywele zote zilale upande mmoja, na vifupi vyote hutolewa. Hiyo hutoa kitambaa chembamba laini cha suti. Bradford ilijipatia sifa kwa njia hiyo ya pili.

KUSOKOTA

Mwanamke wa Ukambani au wa Kikuyu anaposuka kiondo huviringisha nyuzi juu ya paja lake. Kwa mkono mmoja huvuta, na kwa mkono wa pili hupinda. Kusokota kwote duniani ni mambo hayo mawili, kuvuta na kupinda. Kukivutwa mno, uzi hukatika; kukipindwa mno, uzi huwa mgumu na kujikunja.

Kwa muda wa karne nyingi wanawake wa Yorkshire walisokota majumbani mwao uzi mmoja mmoja, na mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadha wa kumlisha. Katika mwaka 1779 Samuel Crompton, mtu wa Lancashire, alimaliza mtambo ambao ulisokota nyuzi nyingi kwa pamoja. Ulitengenezwa kwa ajili ya pamba, lakini baadaye ulitumika kwa sufu pia, nao ungalipo Armley. Una gari refu lenye mamia ya vijiti vya kuzungushia. Gari hilo hutoka nyuma futi 5 au 6, likivuta na kupinda nyuzi zote mara moja. Kisha hurudi mbele, likizikunja vijitini. Hutoka na kurudi hivyo siku nzima.

Nyuzi zilikatika mara kwa mara, na kazi ya kuziunga ilipewa watoto, kwa kuwa vidole vyao ni vyembamba na ujira wao ulikuwa mdogo. Walikwenda mbele na nyuma pamoja na gari lile tangu alfajiri hata usiku. Mwaka 1830 Richard Oastler, aliyekuwa msimamizi wa mashamba karibu na Huddersfield, aliandika barua katika gazeti la Leeds akisema ya kwamba watoto wa Yorkshire wamo katika utumwa. Watu wengi walikasirika, lakini hawakuweza kuyakana maneno yake. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto walio chini ya miaka 9 wasiajiriwe katika viwanda vya sufu na vya pamba. Wale wa miaka 9 hata 12 hawakuruhusiwa kupita saa 48 kwa juma, na wakaguzi wanne waliwekwa waitazame. Sheria zilikuwapo kabla ya hapo pia, ila mkaguzi hakuwapo, na sheria isiyo na mtu wa kuitazama ni kama zizi lisilo na mlango.

KUFUMA

Uzi ukisha kusokotwa hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa. Fungu la pili ni mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana. Mtande huvutwa sana, kwa hiyo hutengenezwa kwa uzi wenye nguvu, tena hutiwa gundi usichakae.

Nyuzi za mtande, ambazo huenda zikafika elfu kadha, hupangwa juu ya kitanda cha mfumi. Kila uzi hupitishwa kwa mkono katika kitundu chake. Nusu ya nyuzi huinuliwa, nusu hushushwa, na katika nafasi iliyo kati hupita chombo cha mshindio, ambacho ni kipande cha mti chenye ncha mbili kama mtumbwi mdogo. Kisha chanuo kubwa huupiga mshindio ukakaa mahali pake, nyuzi zilizokuwa juu hushuka, za chini hupanda, na chombo hurudi. Zamani mfumaji alikirusha chombo kwa mkono na kukidaka, na nguo pana ilihitaji watu wawili. Mwaka 1733 John Kay aliunda njia ya kukirusha kwa kuvuta kamba, na mtu mmoja akaweza. Mwaka 1785 Edmund Cartwright alipata hati ya kitanda kinachoendeshwa kwa mtambo, ingawa miaka mingi ilipita kabla hakijafaa kwa sufu.

Uzi mmoja wa mtande ukikatika na mfumaji asiuone, kitambaa kitakuwa na mstari tangu hapo hata mwisho. Kwa hiyo kila kitambaa kinachotoka kitandani hupelekwa kwa wanawake wenye sindano na vibanio, wakakivuta juu ya meza iliyoinama kuelekea dirishani. Hupapasa kwa vidole, hutoa vifundo, na mahali palipopungukiwa uzi huufuma kwa sindano. Kazi yao haitajwi sana, lakini bila wao hakuna kiwanda kinachoweza kuuza kitambaa cha daraja la kwanza.

KUKANDA KITAMBAA

Kitambaa hicho bado ni kibovu kutazamwa. Kina matundu, ni kigumu, na kinanuka mafuta. Sasa wakati wa yale magamba umefika. Kitambaa hulowekwa katika maji ya sabuni yenye joto, kikabanwa na kupigwa kwa muda wa saa nyingi. Nywele hushikana, matundu huziba, na upana waweza kupungua kwa theluthi nzima. Hapo mwanzo kilikanyagwa kwa miguu, na tangu karne ya 12 watu wa Uingereza walitumia nyundo kubwa za mti zilizoendeshwa kwa maji ya mto. Kabla sabuni haijawa rahisi, mafuta yaliondolewa kwa mkojo uliochacha, uliokusanywa nyumba kwa nyumba. Fundi wa kukanda ni lazima ajue saa ya kusimamisha. Akiwahi, kitambaa ni legelege. Akichelewa, kimekuwa kama ubao.

Kikisha kukandwa, kitambaa huvutwa na kukaushwa. Zamani kilitundikwa nje juu ya miti mirefu yenye kulabu, na vilima vya Yorkshire vilionekana vimevikwa nguo. Ilikuwa rahisi kuiba usiku, na wenye nguo waliogopa sana hasara hiyo. Katika mji wa Halifax mtu aliyeshikwa na mali ya wizi iliyopata thamani ya peni 13 na nusu aliweza kukatwa kichwa kwa mtambo wa shoka uliokuwa pale mjini. Waliouawa mwisho kwa namna hiyo, mwaka 1650, walikuwa wezi wawili, na katika mali waliyoiba mlikuwa na kitambaa cha sufu.

MKASI MKUBWA NA NYUNDO

Baadaye uso wa kitambaa hukwaruzwa kwa vichwa vya mmea mmoja wenye vimiiba, ili nywele zisimame. Kisha nywele hizo hukatwa zilingane, na kitambaa huwa laini kama majani ya shamba la bwana bustani. Hata mwanzo wa karne ya 19 ukataji huo ulifanywa na mafundi wenye mikasi mikubwa iliyofika uzito wa ratli 40. Walikuwa watu wenye nguvu, wenye kulipwa vizuri na wenye heshima katika miji yao.

Ndipo ilipozuka mitambo ya kukatia, ambayo mtu asiye fundi aliweza kuiangalia. Mafundi waliona kwamba chakula chao kinaondolewa, na katika mwaka 1812 wengi wao waliapa kuivunja mitambo. Usiku wa tarehe 11 Aprili kundi la watu zaidi ya 100 lilishambulia kiwanda cha Rawfolds. Mwenyewe, William Cartwright, alikuwa amejiandaa na askari, na washambulizi wawili walipata majeraha yaliyowaua. Siku 17 baadaye William Horsfall, mwenye kiwanda huko Marsden, alipigwa risasi njiani, akafa. Serikali ilileta majeshi, na katika Januari 1813 watu 17 walinyongwa katika mji wa York. Jambo la kushangaza ni kwamba mhunzi Enoch Taylor wa Marsden alikuwa miongoni mwa waliounda mitambo ile, na nyundo zilizotumiwa kuivunja zilitoka kwake pia.

Mitambo ilibaki, na mafundi walitoweka. Watu waliokuja baadaye walipata nguo kwa bei ndogo zaidi. Lakini haifai kusahau kwamba mafundi wale hawakuwa wajinga. Waliijua kazi yao kuliko waliowahukumu, na hakuna aliyewafundisha kazi nyingine kabla ya kuwanyang'anya ile ya kwanza.

BLANKETI LA MATAMBARA

Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Benjamin Law alifikiri namna ya kutumia nguo kuukuu za sufu. Zilipasuliwa kwa mtambo wenye meno, zikarudi kuwa nywele, zikachanganywa na sufu mpya na kusokotwa tena. Kazi hii iliinua miji ya Batley na Dewsbury, na maskini wengi walipata koti la joto. Lakini nywele zilizopasuliwa ni fupi na zimechoka. Nguo yake yaweza kuwa nzito na nzuri kutazamwa, walakini haidumu kama ile ya sufu mpya.

Hapo ndipo tofauti nyingi za mablanketi zinapoanzia, na mnunuzi aweza kujilinda kwa akili. Alishike blanketi mbele ya mwanga aone kama limefumwa sawasawa. Alisugue kwa kiganja. Likitoa vumbi na nywele fupi nyingi, lina udhaifu. Aombe uzi mmoja wa pindo, auchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, nayo huacha majivu meusi yanayopondeka kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi.

KAZI YA MWENYE KONDOO

Limebaki neno kwa wafugaji. Ni mambo madogo, na hayahitaji fedha. Kondoo wakatwe wakiwa wakavu, mahali palipofagiwa. Sufu ya tumboni na ya mkiani itengwe, isiwekwe pamoja na ya mabegani. Kondoo weusi wakatwe mwisho, kwa kuwa unywele mmoja mweusi katika kitambaa cheupe huonekana. Wasitiwe alama kwa lami, maana lami haitoki kwa sabuni.

Tena sufu isifungwe kwa kamba ya mkonge wala isitiwe katika gunia linalochanika. Mkonge ni mali ya Kenya, lakini si rafiki wa sufu. Nyuzi za kamba hiyo hujitenga zikaingia katika sufu, zikapita birikani, zikapita katika meno ya mtambo, zikasokotwa na kufumwa. Kitambaa kinapotiwa rangi ya sufu, nyuzi za mkonge huikataa, zikabaki nyeupe kama makovu. Ndipo mwanamke mwenye kibanio atakapokaa dirishani kuzing'oa moja moja, na malipo ya saa zake yatatolewa katika bei ya mwaka ujao. Mfugaji hatamwona mwanamke yule, wala hatalisikia lalamiko lake. Ataona tu kwamba sufu yake imeshuka daraja.

Kipande cha kamba cha kufungia mzigo mmoja ni kitu cha thamani ndogo sana. Mwenye kondoo na akiache nyumbani.